Nitoe Kwenye Kopo

Kopo angavu la michango lilikuwa na pande mbili, na mama huyu alikalia upande mbaya. Wateja waliona picha. Yeye aliona mgongo wa picha: karatasi nyeupe iliyoanza kuwa ya manjano, imefunikwa kwa nailoni, na nyuma yake sarafu zilizorundikana pamoja na vifungo vya shati, maganda ya pipi na tiketi moja iliyokunjwa ambayo hakuna aliyejua iliingiaje. Kwa muda wa saa nane kila siku, siku sita kwa wiki, karibu miaka sita sasa. Kama alitaka kuiona sura ya binti yake ilibidi ainame juu ya kaunta, na hapo aliiona kichwa chini miguu juu.

Alikuwa keshia wa kituo cha mafuta. Kazini walimwita Mama Kopo. Jina lilianzia kwa wapiga pampu, likaingia dukani kwa wateja, likafika mpaka kwa Meneja, ambaye siku moja aliliandika kwenye ratiba ya zamu iliyobandikwa ukutani. Mama Kopo alilalamika. Meneja akasema atarekebisha wiki ijayo, na wiki hiyo mpaka leo haijafika.

Jumanne moja mchana alitoka zamu, akafika nyumbani, akamkuta binti yake amesimama mbele ya kioo cha kabati amevaa sare mpya ya sekondari. Sketi ilimzidi vidole vitatu, na hiyo ilikuwa makusudi, maana mama aliinunua ya kuvaliwa miaka miwili. Binti alikuwa na miaka kumi na mitatu na nyumbani walimwita Kiherehere. Bibi yake ndiye aliyempachika jina hilo akiwa bado ananyonya, kwa jinsi kifua kilivyokuwa kikimdunda mbio hata akiwa amelala. "Huyu kazaliwa na kiherehere chake," bibi alisema, na ukoo mzima ukacheka. Baadaye daktari alisema ni tundu kwenye moyo. Kicheko kikaisha, jina likabaki.

"Imekukaa," mama alisema. "Geuka nikuone nyuma."

Kiherehere hakugeuka. "Mama, Jumatatu naanza shule."

"Najua. Si mimi niliyelipa?"

"Shule inatazamana na kituo chenu."

"Ndiyo uzuri wake. Nitakuwa nakuona dirishani ukivuka barabara. Na usikimbie, unavuka polepole."

"Wanafunzi wote wananunua vitu kwenu. Kalamu, biskuti, juisi. Wote watasimama pale kaunta." Akaanza kufungua vifungo vya shati, kimoja baada ya kingine, kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kuamua. "Nitoe kwenye kopo, mama. Usiponitoa, siendi."

Mama alitaka kucheka akashindwa. Alimjua mwanawe. Mtoto aliyewahi kupasuliwa kifua hatishiki kwa fimbo wala kwa kunyimwa televisheni, na akisema haendi, haendi.

Unaposikia hivyo unadhani ni kazi ya dakika mbili. Chukua mkasi, kata, tupa, kwisha habari. Hata yeye alidhani hivyo.

Tuelewane kwanza kopo lilivyokuja. Kiherehere alipokuwa na miaka saba hakuweza kupanda ngazi tatu bila kukaa chini. Kulikuwa na mfuko wa hisani wa watoto wenye maradhi ya moyo, na watu wa mfuko walikuja, wakampiga picha akiwa amevaa gauni la bluu, amekonda, macho yamekuwa makubwa kuliko uso. Chini ya picha wakaandika kwa herufi nene: TUMPE MOYO. Mtu aliyebuni maneno hayo alijipongeza bila shaka, maana kumpa mtu moyo ni kumtia nguvu, na huyu mtoto alihitaji vyote viwili. Makopo yakasambazwa kwenye kaunta za vituo vya mafuta. Watu wakalipa mafuta, wakarudishiwa chenji, wakaona macho yale, wakatia. Miezi minne baadaye mtoto alipasuliwa, tundu likazibwa, na kwa wiki tatu mama aliishi kwenye benchi la hospitali. Mtoto akapona. Akanenepa hata. Daktari akasema asikae karibu na moshi wala harufu za mafuta, na asikimbiekimbie mpaka aambiwe.

Mama akapata kazi palepale kwenye kituo, kwa wema wa Meneja. Kopo likabaki kaunta likiwachangia watoto wengine. Mama hakuona ubaya. Angeonaje, na yeye alikalia upande wa sarafu?

Jumatano asubuhi alimfuata Meneja kwenye kichumba chake nyuma ya mashelfu ya vilainishi. Meneja alikuwa mtu mpole, mzito, aliyependa kuanza kila sentensi kwa neno moja, na wafanyakazi wakimwita Bwana Subiri pale asipokuwepo.

"Subiri kwanza, mama," alisema baada ya kusikiliza. "Kopo si letu. Sisi tumelipatia nafasi tu ya kukaa. Picha ni mali ya mfuko."

"Sura ni ya mwanangu."

"Sura, sawa. Picha, hapana." Akamtazama kwa huruma ambayo mama hakuielewa. "Imeanza kukusumbua upya?"

"Nini?"

"Hii hali yako."

"Hali gani? Mimi nataka picha itoke kabla ya Jumatatu, basi."

"Subiri kwanza. Kesho dada wa mfuko anakuja kufungua kopo, zungumza naye. Lakini mama, nakuomba, usije ukaibandua kwa mkono wako. Nina mkataba nao. Ukiibandua, na wewe jihesabu umejibandua."

Akarudi kaunta akiwa amefura. Ilikuwa saa ya foleni. Mwenye pikipiki mmoja alitia sarafu moja na kuomba arudishiwe kwa sababu jana alitia mbili. Mwingine alitaka chenji ya noti kubwa, alipoambiwa hakuna, akaonyesha kopo: "Si hizo hapo?" Halafu akaja mzee mwenye lori la mchanga, ambaye huja kila asubuhi saa moja na nusu bila kukosa. Huyu alilipa, akachukua sarafu moja kwenye chenji yake, akaitia kwenye kopo, akaigusa picha kwa vidole viwili na kunong'ona jambo. Miaka yote mama alijua anamwombea mtoto afya, na alimheshimu kwa hilo. Siku hiyo hata yeye alimkera.

Dada wa mfuko alifika Alhamisi, msichana mwenye viatu vya raba na rundo la funguo shingoni. Alifungua kufuli la kopo, akamimina sarafu kwenye mfuko wa turubai, akatenga vifungo na maganda kwa kidole cha mwisho. Mama alimweleza shida yake huku akiwahudumia wateja wawili. Msichana akatoa kishikwambi, akapangusa, akapangusa tena.

"Aa, hii," alisema, na sauti ikashuka. "Pole sana, mama."

"Pole ya nini?"

"Hii ni picha ya kumbukumbu. Za kumbukumbu haziondolewi hivihivi. Utaratibu unasema," akasoma, "picha huondolewa kwa ombi la mhusika mwenyewe."

"Basi ameomba. Ameniambia juzi."

Msichana akanyanyua uso. Alimtazama mama, akamtazama Meneja aliyekuwa akipanga maji kwenye friji, na Meneja akatikisa kichwa polepole, kama wa kumwambia mtu aende naye kidogokidogo.

"Mama," msichana alisema kwa upole wa kukirihisha, "hapa imeandikwa mhusika amepumzika."

"Amepumzika wapi?"

"Amepumzika."

Kulikuwa na mteja anasubiri risiti. Risiti ilitoka kwenye mashine ikaning'inia na hakuna aliyeikata.

Mama Kopo hakuwa mtu wa makelele. Lakini siku hiyo watu wa pampu ya nne, walio mbali kabisa, walimsikia. "Mwanangu mzima! Asubuhi kala mikate minne! Nani kawaambia amekufa?"

"Subiri kwanza, mama," Meneja alisema, akamshika kiwiko. "Nenda ukapunge upepo kidogo."

Akatoka nje, si kwa kupunga upepo, bali kwa sababu angebaki angemrushia mtu kopo. Pembeni ya pampu ya kwanza alikaa Babu Pampu juu ya ndoo iliyopinduliwa. Huyu alikuwa mpiga pampu mkongwe kuliko wote, aliyekuwepo kabla hata ya Meneja. Mama akamsalimu, maana hasira si sababu ya kumkosea mzee adabu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Kelele za nini?"

"Wanasema binti yangu amekufa."

Babu Pampu akavua kofia. Akaikunja, akaikunjua. "Si yule mdogo," alisema. "Wanasema yule mkubwa. Wa kwenye kopo."

"Mdogo gani? Nina mmoja!"

Mzee alitazama chini, kisha akaanza kuuliza kwa sauti ya mtu anayekanyaga ngazi isiyo na taa. Ile siku ya simu, mama alisema nini hasa?

Mama aliikumbuka. Alipiga simu ya kituo kutoka hospitali, namba aliyoikuta kwenye tangazo, kuwashukuru. Alipokea mzee mmoja, magari yakinguruma, na simu ya hospitali nayo ikikatakata. Alisema: ametoka salama chumba cha upasuaji, sasa amepumzika.

"Basi," alisema Babu Pampu. "Mimi nilisikia ametutoka. Salama sikuisikia. Halafu ukasema amepumzika. Na wewe ulikuwa unalia."

"Nilikuwa nalia kwa furaha!"

"Kwenye simu vinafanana, mwanangu."

Hapo kila kitu cha miaka sita kikaanza kujipanga kichwani mwake, na kila kilichojipanga kilimtia wazimu zaidi. Bahasha waliyomletea hospitali, yenye maneno Poleni, tuko pamoja. Alidhani wanampa pole ya kuuguza. Meneja alivyompa kazi: njoo ujishughulishe, mama, usikae peke yako na mawazo. Wateja waliokuwa wakishusha sauti wakifika kaunta. Siku alipoleta soda kwa sababu binti amefaulu mtihani, na wote wakashangilia mno, kupita kiasi, wakimshukuru Mungu kwamba alimwachia huyo mdogo. Binti hakuwahi kuletwa kituoni kwa sababu ya harufu za mafuta. Nani angewakosoa?

"Ndiyo maana kopo lilianza kujaa," Babu Pampu alisema. "Kabla ya hapo halikuwa linafika nusu. Nilipowaambia watu, na Meneja akawaandikia wa mfuko, lilikuwa linajaa kila wiki mbili."

"Babu."

"Naam."

"Umeniulia mtoto."

Mzee akavaa kofia yake, akaivuta mpaka kwenye nyusi, na machozi yakamtoka. Hata hilo lilimuudhi mama, kwa sababu sasa ilibidi amwambie asilie.

Alirudi nyumbani kwa miguu ili hasira imtoke, haikutoka. Kiherehere alikuwa uani anaosha viatu. Mama alikaa kwenye kizingiti.

"Shule ya msingi walikuwa wanakuitaje?"

Brashi ikasimama. "Nani kakuambia?"

"Nakuuliza wewe."

"Marehemu," alisema binti, akaendelea kusugua. "Baba yake msichana mmoja wa darasa letu anaweka mafuta kwenu. Alimwonyesha picha. Alimwambia, tazama huyu mtoto, alikufa kwa moyo, wewe unaringa na uzima wako. Yule akaja kuniambia, wewe si ulikufa? Basi ikawa hivyo. Mwalimu akiita majina, kabla sijajibu, darasa zima linajibu: amepumzika!"

"Tangu lini?"

"Darasa la tano."

"Miaka mitatu! Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungekuja shuleni kupigana. Halafu ungefukuzwa kazi kwa sababu ya kopo, halafu tungekula nini?" Akakigeuza kiatu akakiangalia kisigino. "Nilijua nikienda sekondari itaisha. Halafu ukanipeleka sekondari ya mbele ya kopo."

 Mama alikasirika, na hakujua amkasirikie nani. Babu Pampu alikuwa kiziwi kidogo, Meneja alikuwa mwema, msichana wa mfuko alikuwa anasoma alichoandikiwa, na wenye lori na wenye teksi walikuwa wanatoa sadaka. Hakukuwa na mtu hata mmoja mbaya wa kumshika shati. Ni yeye, mama mzazi, aliyekaa miaka sita nusu mita kutoka kwa picha ile bila kuuliza kwa nini watu wanamwangalia vile.

Ijumaa aliomba ruhusa akaenda ofisi ya serikali ya mtaa, kwa sababu dada wa mfuko alisema akipata barua inayothibitisha kwamba mtoto yu hai, yeye ataipeleka juu. Karani alimsikiliza, akafungua droo ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Nina fomu ya kuzaliwa," alisema. "Nina ya kufa. Nina ya kuhama na ya kupotelewa. Ya kuwepo sina."

"Andika barua basi, ya kawaida."

"Niandike nini? Kwamba mtoto hajafa? Mama, watoto wote hawajafa mpaka wafe. Nikianza kuandika barua hizo nitaandikia mtaa mzima." Akafunga droo. "Kwani si umpeleke tu wamwone?"

Hilo hata mama alikuwa amelifikiria. Jumamosi alimwomba Kiherehere waende wote, wasimame kaunta, watu waone, mambo yaishe. Binti alikataa kata kata. "Siendi kuonyeshwa. Wataniangalia kama mzuka. Wewe ndiye uliyeniingiza kwenye kopo, wewe ndiye utakayenitoa."

Maneno hayo yalimchoma, kwa sababu yalikuwa kweli. Fomu ya picha aliisaini yeye, kwa kalamu ya kuazima, mtoto akiwa amelala mapajani mwake na midomo ya bluu. Ingekuwa leo angeisaini tena.

Jumapili aliutia mkasi kwenye mkoba. Aliamua: Jumatatu atakata, na kama kufukuzwa afukuzwe. Mtoto aende shule. Alilala vizuri kuliko alivyolala wiki nzima, na asubuhi alimwacha Kiherehere kitandani, sare imening'inizwa kwenye msumari, shati limefungwa vifungo vyote.

Saa moja asubuhi duka lilikuwa limejaa sare. Hakuwahi kuona wanafunzi wengi hivyo. Walitaka kalamu, walitaka rula, walitaka peremende, kila mmoja na noti yake kubwa aliyopewa nyumbani. Kila alipoutia mkono kwenye mkoba, mteja mpya alisema "Mama, samahani." Meneja alikuwa hajafika. Wavulana wawili waliinama kusoma kopo, mmoja akamsukuma mwenzake, na mama akasikia neno "alikufa". Akaushika mkasi.

"Asubuhi njema," alisema mzee wa lori la mchanga. Saa moja na nusu kamili. Akalipa, akachukua sarafu moja kwenye chenji yake, akanyoosha mkono. Mama aliuacha mkasi kwa sababu ya mkono ule. Hukati picha mtu akiigusa.

"Mungu amlaze mahali pema," alinong'ona mzee, na kwa mara ya kwanza, kwa kuwa sasa alijua, mama aliyasikia maneno yote.

"Nimeshaamka."

Sauti ilitoka nyuma ya mzee. Kiherehere alikuwa amesimama kwenye foleni kama mteja yeyote, sketi imemzidi vidole vitatu, noti ndogo mkononi. Alikuwa anahema kidogo. Uso ulikuwa umemvimba kwa kulia au kwa usingizi, lakini kidevu kilikuwa juu.

Mzee aligeuka. Alimtazama binti, akaitazama picha, akamtazama binti. Macho yalikuwa yaleyale. Sarafu ilibaki katikati ya vidole.

"Wewe ndiye huyu?"

"Ndimi. Shikamoo."

"Marahaba," mzee alisema. "Marahaba. Mbona... miaka yote hii mimi nilikuwa nakusomea dua."

"Zimefika," alisema Kiherehere. "Lakini ulikuwa umezituma mbali." Akamgeukia mama. "Mama, nipe mkasi."

"Umejuaje kama nina mkasi?"

"Jana nilikuona unautia."

Mama akampa.  Binti aliingiza ncha ya mkasi chini ya nailoni, akaipasua kutoka juu hadi chini, akaivuta picha yote na TUMPE MOYO yake. Gundi ya miaka sita ilitoa sauti kubwa kuliko ilivyotarajiwa. Wavulana wawili walikuwa wamekodoa macho. Akaikunja picha mara nne, akaitia mfukoni mwa sketi.

"Niuzie kalamu," alisema. "Ya bluu."

Mama akamuuzia, akamrudishia sarafu. Kiherehere akaitia koponi, kwenye kitundu kilekile cha juu, ikaanguka juu ya nyingine. Mzee wa lori alikuwa bado ameshika yake. Aliitia mfukoni. Akaitoa. Akalitazama kopo lililobaki tupu usoni, sarafu tu na vifungo, hakuna wa kumgusa.

"Sasa hii namtilia nani?"

"Kuna wengine, baba," mama alisema. Alikuwa amechoka ghafla. "Hawana picha, lakini wapo."

Mzee aliitia, safari hii bila kunong'ona, akatoka akisahau risiti. Ng'ambo ya barabara kengele ya shule ikalia. Duka likamwagika nje lote mara moja, sare kwa sare, na Kiherehere akiwa katikati yao, na mama akabaki na sakafu yenye alama za viatu na mkasi juu ya kaunta.

Meneja aliingia akipangusa jasho. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye kopo.

"Subiri kwanza! Picha iko wapi? Mama, tulizungumza nini mimi na wewe?"

"Imeondolewa kwa ombi la mhusika mwenyewe," mama alisema. "Kama utaratibu unavyosema."

"Mhusika yupi?"

"Marehemu. Alikuwa hapa sasa hivi, amenunua kalamu."

Meneja alimtazama kama anayetafuta namba ya daktari. Kisha akaona kwamba mama hatanii. "Yuko wapi?"

Mama akanyoosha kidole dirishani. "Yule pale, anayekimbia."

Alikisikia alichosema baada ya kukisema. Maneno "usikimbie" yalikuwa tayari kwenye ulimi, yamekaa pale miaka sita, na safari hii aliyameza. Meneja akaenda mpaka kwenye kioo, akabandika paji la uso, akakinga mwanga kwa viganja viwili.

"Yupi, mama?" aliuliza. "Mbona wote wanakimbia?"

Mama akasogea kando yake, akatazama. Lango la shule lilikuwa linafungwa na mamia ya sketi zilezile yalikuwa yanapenya kwa vurugu. Alitafuta sana. Hata yeye hakuweza kumjua wake ni yupi.